Waunde Tu, au Wahoji Pia? Mjadala wa Darasa la Usanifu wa Teknolojia

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na zikafungiwa. Mitaani malalamiko yalikuwa yamejaa zamani. Mtu amekopa elfu hamsini kwa simu, siku ya marejesho imempita, na kabla jua halijazama mjomba wake, bosi wake, jirani na hata fundi aliyemshonea nguo mwaka juzi wamepokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Kenya walikwishapita njia hiyo. Kanuni za Benki Kuu yao za mwaka 2022 zinamkataza mtoa mikopo ya kidijitali kuchokonoa orodha ya majina kwenye simu ya mteja ili awatumie ujumbe watu hao mkopo unapochelewa.

Sheria zilikuja nyuma. Kabla yake alikuwepo kijana aliyeketi mbele ya kompyuta akaandika mistari michache ya kuiomba simu ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa. Kiufundi hakukosea popote. Programu iliomba, mteja mwenye shida ya hela akabonyeza "Ruhusu", majina yakaondoka. Huyo kijana, au timu yake, bila shaka alipita darasa fulani la kompyuta mahali fulani. Alifundishwa nini humo?

Hapo ndipo hoja ya mjadala huu ilipo: kwamba wanafunzi wa kompyuta wafundishwe kuihakiki teknolojia wanayoiunda na kuyatazama kwa makini maisha na desturi za watakaoitumia, na kwamba somo hilo liwe la lazima. Ili kila upande usikike, wawekwe watu watano kwenye meza moja jijini Dar es Salaam. Yupo Mwalimu anayefundisha usanifu wa violesura chuo kikuu. Yupo Mhandisi aliyeandika mifumo ya miamala miaka mingi na sasa anaajiri vijana. Yupo Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na Wakala wa pesa za simu mwenye kibanda Mbagala. Meza inaongozwa na Mkuu wa Idara, ambaye ndiye atakayeulizwa vipindi vya kufundishia vitatoka wapi. Si watu halisi hawa. Kila mmoja amebeba hoja za kundi lake.

Mwalimu alipewa nafasi ya kwanza, na hakuanza na maadili. Alianza na mashine ya kunakili karatasi.

Miaka ya mwanzo ya 1980, alieleza, mwanaanthropolojia Lucy Suchman alikuwa mtafiti katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Wateja walilalamika kwamba mashine mpya inawashinda. Suchman akawarekodi kwa video watu wakijaribu kuitumia, na miongoni mwao wamo wataalamu wa kompyuta wenye sifa kubwa, wakihangaika kutoa nakala ya pande mbili. Mashine ilikuwa na mpango wake kichwani: mtu atafanya hili, kisha lile. Watu walikuwa na yao: waliangalia kilichotokea, wakakisia, wakashauriana, wakabadili mawazo. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1987 kiliwaonyesha wasanifu kwamba kosa halikuwa ujinga wa mtumiaji. Mashine ilijengwa juu ya picha ya binadamu asiyekuwepo.

"Miaka kumi baadaye," aliendelea Mwalimu, "Philip Agre, mtu aliyesomea akili mnemba pale MIT, akaandika kwamba fundi wa kompyuta anatakiwa awe na mguu mmoja kwenye ufundi na mwingine kwenye uhakiki wa ufundi huohuo. Mwaka 2010, kwenye CHI, mkutano wa watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, kule Atlanta, zikatoka makala mbili zinazosomwa hadi leo. Moja ni ya Shaowen Bardzell, juu ya usanifu kwa jicho la ufeministi. Nyingine ni ya Lilly Irani na wenzake, inayouliza nani ana mamlaka ya kumsanifia nani pale teknolojia inapovuka kutoka nchi tajiri kwenda nchi zilizotawaliwa. Haya yana miaka. Sisi bado tunafundisha rangi za vitufe."

Mhandisi alikuwa akitabasamu tangu aliposikia neno ufeministi. "Mwalimu, nakuheshimu," alisema, "lakini mfumo uliobadilisha maisha ya watu wengi kuliko yote katika ukanda huu ni M-Pesa. Ulizinduliwa Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ukaingia Tanzania. Ni nani kati ya walioujenga aliyepitia darasa la uhakiki? Walikuwa na simu, laini na mtaji, wakafanya kazi. Wewe unataka kijana atoke chuoni anajua kulaumu kila kitu na hajui kuunganisha hifadhidata."

Mwalimu alikuwa akiungoja mfano huo. Majaribio ya M-Pesa yalianza mwaka 2005, alisema, kwa fedha za Vodafone na za serikali ya Uingereza, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo la awali lilikuwa mteja arejeshe mkopo wake kwa simu. Wateja wakafanya ya kwao. Wengine walituma hela kwa ndugu. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wakifika, wasije wakaporwa njiani. Wengine walilipiana madeni wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakiendesha majaribio wangeweza kuiita hali hiyo matumizi mabaya ya mfumo na kuizuia. Wao walikaa wakaitazama, na bidhaa iliyozinduliwa miaka miwili baadaye ikatangazwa kwa wito mwepesi kabisa wa kutuma pesa nyumbani.

"Kwa hiyo usiniambie M-Pesa ilizaliwa na laini za simu peke yake. Ilizaliwa na mtu wa mjini mwenye mama kijijini."

"Huo ni utafiti wa soko," Mhandisi alijibu. "Wafundishwe utafiti wa soko, yatosha."

"Programu za mikopo zilizofungiwa zilifaulu utafiti wa soko," alisema Mwalimu. "Wateja walikuwa tele. Utafiti wa soko unakuuliza kama mtu atakipokea kitu chako. Haukuulizi nani atakilipia gharama wakati hakukiomba. Yule fundi cherehani aliyetumiwa ujumbe wa deni la mtu mwingine hakuwa mteja wa yeyote."

Mhandisi hakujibu mara moja. Alipojibu, aligeukia sehemu ya pili ya hoja, ile ya utamaduni, na hapo alikuwa na silaha nzito zaidi.

Yeye, alisema, amekwishakaa kwenye semina za utamaduni na usanifu. Karibu zote hupita kwa Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya dodoso za wafanyakazi wa kampuni ya IBM zilizokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973, akazipa nchi alama: hawa ni watu wa ubinafsi, wale ni watu wa jumuiya, hawa wanaogopa wakubwa, wale hawaogopi. Mwaka 2000 Aaron Marcus na Emilie Gould walizichukua alama hizo wakaonyesha namna zinavyoweza kuongoza usanifu wa tovuti, na walimu wengi wakazibeba darasani. "Sasa Mwalimu, unajua Tanzania ilipata alama ngapi? Haikupata yake. Iliwekwa kapu moja na Kenya, Ethiopia na Zambia, likaitwa Afrika Mashariki. Adis Ababa na Mtwara, alama moja, kwa majibu ya wafanyakazi wa IBM wa miaka ya sitini na sabini. Hilo ndilo somo la utamaduni mnalotaka liwe la lazima?"

Mwanafunzi alicheka kwa sauti, kisha akaomba radhi. Slaidi hiyo anaifahamu. "Ilituambia sisi ni watu wa jumuiya, kwa hiyo tuweke picha za vikundi vya watu kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi kwetu Newala, nimekulia Temeke. Ninayelala naye chumba kimoja hosteli katoka Rombo, simu yake hata mdogo wake haruhusiwi kuishika. Tukatazamana tu."

Kwa mshangao wa wengi Mwalimu hakuitetea slaidi. Makala ya Irani na wenzake, alikumbusha, iliandikwa pamoja na mambo mengine kuupinga mtindo huohuo wa kuuchukua utamaduni kama orodha ya sifa zilizogandishwa, Mhindi hivi na Mwafrika vile. Utamaduni unaofaa kumfundisha msanifu ni yale watu wanayofanya na vitu mbele ya macho yako, na yanabadilika. "Kama ni alama za Hofstede, nami napiga kura ya hapana," alisema. "Muulizeni Wakala utamaduni ni nini."

Wakala alikuwa bado hajasema neno. Alianza kwa kuwaeleza anachokiona kila siku kwenye dirisha lake la nondo.

"Anakuja bibi, shikamoo yangu anaiitikia, simu kitochi ananipitishia dirishani. Ndani ya kava la simu kuna kikaratasi kimekunjwa mara nne. Kwenye hicho kikaratasi kuna namba ya siri, kaiandika mjukuu wake. Bibi hataki kuigusa menyu. Akijaribu mwenyewe, anasoma taratibu, anatafuta miwani, mtandao unamkatia, anaanza upya. Mara ya tatu foleni nyuma yake imeanza kuguna. Kwa hiyo ananipa mimi. Mimi najua namba za siri za nusu ya mtaa, na sikuziomba. Siku hela ya mtu ikipotea, wa kwanza kushikwa ni mimi."

"Kampeni zote zinasema usimpe mtu namba yako ya siri," Mhandisi alisema.

"Zinasema. Wewe mwambie bibi."

Hapo Mhandisi akakunja mikono ya shati, kwa kuwa suala lilikuwa limeingia kwenye eneo lake. Alifafanua kwamba menyu ya kitochi hupita kwenye njia iitwayo USSD, na ujumbe mmoja wa njia hiyo haubebi zaidi ya herufi 182. Menyu haikai kwenye simu. Inatoka kwenye mtambo wa kampuni, na mazungumzo yakikaa kimya kwa muda uliowekwa hukatwa ili kuachia nafasi wengine. Muda huo umewekwa na mtu. Maneno ya menyu pia yamepangwa na mtu: kila neno refu linakula nafasi, na linalokosa nafasi linasukumwa ukurasa wa pili, ambako mtu mwenye haraka hafiki. Msanifu akiamua kwamba makato yaonekane ukurasa wa pili, ameamua nani atayajua makato. Alikiri kwamba katika vikao vingi alivyokaa, muda wa kukata mazungumzo ulijadiliwa kwa hesabu ya mzigo wa mitambo tu.

"Basi tuweke alama ya kidole," alipendekeza Mwanafunzi. "Bibi hatahitaji kukumbuka chochote."

Wakala alimtazama kwa upole. "Mdogo wangu, ulikuwa wapi wakati wa kusajili laini?" Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Mawakala waliokuwa na mashine hizo wanawajua watu ambao vidole vyao viligoma: mafundi ujenzi, wanaoponda kokoto, wanaolima kwa jembe la mkono, wazee. Anabandika kidole, mashine inakataa. Anapangusa kwenye kanga, inakataa. Wanajaribu kimoja kimoja vidole vyote kumi. Mtu aliyefanya kazi za mikono maisha yake yote anaambiwa mashine haimtambui.

"Uso, basi?"

Safari hii alijibu Mwalimu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni tatu zinazobainisha jinsia ya mtu kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe, kosa lilikuwa asilimia 0.8 hata kwenye programu iliyovurunda kuliko nyingine. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Kampuni hizo zilikuwa na wahandisi wa kutosha na fedha za kutosha. Lakini zile picha za mafunzo zilikuwa za nani?

"Mmeona kilichotokea sasa hivi?" Mwalimu aliuliza. "Mwanafunzi katoa wazo, Wakala kalipima kwa watu anaowajua, wazo likaanguka kabla halijala shilingi ya mtu. Hilo ndilo somo ninaloliomba. Dakika tatu tu."

Mkuu wa Idara alikuwa ameandika kurasa mbili. Yeye hakuwa na ugomvi na hoja, alisema, ugomvi wake ulikuwa na ratiba. Mtaala wa shahada unapitia Tume ya Vyuo Vikuu. Kozi mpya ya lazima ina maana kozi nyingine itolewe au mzigo uongezeke. Na ni nani atafundisha? Walimu wake wamesomea algorithimu na mitandao. Akiwaambia wafundishe uhakiki watapakua slaidi za chuo fulani cha Ulaya na kuzisoma jinsi zilivyo.

"Na slaidi zenyewe zina hadithi zao," Mhandisi aliongeza. Alitoa ile ya madaraja ya mpangaji miji Robert Moses karibu na New York, aliyoitumia Langdon Winner katika insha yake maarufu ya mwaka 1980: kwamba madaraja yalijengwa ya chini makusudi ili mabasi, na weusi maskini waliopanda mabasi, wasifike ufukweni. Mwaka 1999 Bernward Joerges alionyesha kwamba hadithi hiyo ina matundu. Kwa mfano, barabara zile zilikuwa tayari haziruhusu magari ya biashara, kimo cha daraja kiwe chochote. Bado inafundishwa kana kwamba ni msahafu. "Halafu kuna lile kundi lililoanzia London, la Anthony Dunne na Fiona Raby, wanaosanifu vitu vya kuweka kwenye maonyesho ili watu watafakari kesho itakuwaje. Luiza Prado na Pedro Oliveira, wasanifu wa Kibrazil, waliwajibu watu wa kundi hilo mwaka 2014: hiyo njaa mnayoichora kama ya kesho, kuna watu wanaishi nayo leo. Mimi niko upande wa Wabrazil. Darasa la uhakiki lisipojihakiki lenyewe ni kasumba nyingine tu."

Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote alizotoa, na Mwalimu aliisifu. Kisha akaigeuza: kama mifano ya kigeni haitoshi, dawa ni kufundisha kwa mifano ya hapa, nayo si haba.

Alitaja Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaa inayofurika wakachora ramani pamoja na wakazi: mitaro, vichochoro, mahali maji yanapofika mvua zikikolea. Ramani za setilaiti zilionyesha mapaa. Kina cha maji kwenye ukuta wa nyumba alikijua mwenye nyumba. Alitaja pia kazi ya miaka mingi ya Heike Winschiers-Theophilus, Nicola Bidwell na wenzao kule Namibia, pamoja na wazee wa Kiherero wa Erindiroukambe, kuhusu namna ya kuhifadhi maarifa ya kijijini kwa picha za kompyuta. Watafiti walifika na mbinu za vitabuni za kumshirikisha mtumiaji mmoja mmoja. Wazee walikuwa na taratibu zao za kuzungumza na kufikia uamuzi kama kundi, na ikabidi mbinu ndizo zibadilike.

"Hayo ni ya watafiti na wafadhili," alisema Mhandisi. "Nipe mfano wenye risiti."

"Nokia," alijibu Mwalimu. Mwaka 2006 watafiti wa kampuni hiyo, Jan Chipchase akiwa mmoja wao, walichunguza Uganda jinsi watu wanavyotumia simu moja kwa zamu, na jinsi wenye vibanda walivyokuwa wakipokea vocha kutoka mbali na kuigeuza fedha taslimu. Mwaka uliofuata Nokia ilitoa simu ya bei nafuu, modeli 1200, yenye vitabu vya majina hadi vitano kwa watumiaji tofauti, uwezo wa kuweka kikomo cha gharama ya kila simu, na tochi. Uchunguzi wa desturi za watu ulikuwa umeingia kiwandani na kutoka dukani.

Kutoka hapo mjadala uliacha kuuliza kama somo lifundishwe na kuanza kuuliza lifundishwe vipi. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa na hofu kubwa zaidi. Kozi ya maadili ipo tayari, alisema, kipindi kimoja kwa wiki, na kila mtu anajua namna ya kuifaulu: unaandika kwamba faragha ni muhimu, unataja ushirikishwaji wa jamii, unapata B. Mradi wa mwisho unaufanya usiku na kipindi hicho hakina habari nao. "Mkiongeza kozi nyingine ya hivyo, tutaandika insha za kumfurahisha mwalimu, basi."

Mwalimu alikubaliana naye. Chuo Kikuu cha Harvard, alisema, tangu mwaka 2017 kina utaratibu wa kuwaingiza wanafalsafa ndani ya kozi zenyewe za kompyuta: mwenye kozi anaendelea na hifadhidata zake, na katikati ya hizo hifadhidata kunawekwa kipindi cha maswali ya maadili yanayotokana na somo la wiki hiyo. Yeye angependa kusogea mbele zaidi. Kwenye kila mradi mwanafunzi alete matoleo mawili, la kabla ya kukaa na watumiaji na la baada, na aeleze kilichobadilika na kwa nini. Alama ziwe kwenye badiliko. Asiyebadilisha chochote atuthibitishie kwamba aliwasikiliza watu.

"Watu gani?" aliuliza Wakala. "Ni mimi, siyo?"

Meza ilinyamaza.

"Wanafunzi wanakuja. Wanakaa na dodoso saa nzima, wateja wakiona mtu kashika karatasi wanadhani ni wa mamlaka ya mapato, wanapita. Nimejibu maswali mpaka nimechoka. Programu zenyewe sijawahi kuziona. Muda wangu ni kamisheni. Kama mimi ni mwalimu wa hilo somo lenu, mshahara wangu uko wapi?"

Mwalimu alikumbuka mradi wa UTOPIA wa nchi za Skandinavia, kati ya mwaka 1981 na 1985. Wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji, kupitia vyama vyao, walikaa na wanasayansi wa kompyuta kusanifu vifaa vyao wenyewe vya kazi. Printa ya leza ya mezani ilipokuwa bado ndani ya maabara za utafiti tu, waliweka boksi tupu mezani, wakaliita printa, na kuigiza kazi ili waone itakavyobadilika. Lakini wale walikuwa na chama nyuma yao, alikiri, na chama kilikuwa mshirika wa mradi tangu mwanzo. Wakala wa kibandani huja mezani peke yake. Jibu lake kwa Wakala lilikuwa fupi: alipwe, kwa fungu la idara lililoandikwa kwenye bajeti ya kozi kama zinavyoandikwa kompyuta, na arudishiwe kilichotengenezwa akakikosoe kabla mwanafunzi hajapewa alama.

Mkuu wa Idara aliandika. Hakuahidi.

Mhandisi alibakiza hoja moja, na haikuwa ya kupuuza. Tuseme kijana kafunzwa vizuri, kaajiriwa, na wiki ya pili anaambiwa aandike ile mistari ya kuvuna majina ya watu kwenye simu. Akikataa, kuna wengine hamsini mlangoni. Chuo kimempa macho ya kuona ubaya bila nguvu ya kuuzuia. Hiyo ni haki kwake?

Hapa Mwalimu aliiacha falsafa akashika sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijitali, ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali iliuanza bila kufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu. Na kabla yake, Januari 2020, katika kesi iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzao, mahakama hiyohiyo ilikuwa imezuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa GPS. Wanubi wa Kibera, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakisailiwa zaidi ya wengine ili wapate vitambulisho, walijua mapema swali ambalo wasanifu wa mfumo hawakulipa uzito: asiye na kitambulisho ataingiaje kwenye mfumo unaoanza kwa kumdai kitambulisho?

"Mradi wa serikali nzima ulikwama kwa kukosa waraka mmoja wa tathmini," alisema Mwalimu. "Huyo kijana wako akijua kuuandika waraka huo, haendi kwa bosi na lawama. Anakwenda na hasara inayoikabili kampuni, kwa tarakimu. Ungemfukuza?"

Mhandisi alifikiri. "Nisingemfukuza. Ningemuuliza kwa nini hukuniambia kabla hatujaanza." Ila alisisitiza kwamba bado anataka kijana anayejua hifadhidata, na kwamba kura yake itategemea kama somo hili litakula vipindi vya programu au litaingia ndani yake.

Ukizipima hoja zote, Mhandisi ameshinda mbili na kushindwa moja iliyo kubwa. Ni kweli utamaduni uliogeuzwa kuwa alama za mataifa unadanganya, na ni kweli uhakiki ulioagizwa mzimamzima kutoka nje unageuka kuwa nadharia ya kukariri. Lakini dai lake la msingi, kwamba ufundi unajitosheleza na maswali mengine ni ya watu wengine, limeanguka kwa mifano ya fani yake mwenyewe. Muda wa kukata menyu, herufi 182 na mahali pa kuweka makato ni uamuzi wa kiufundi, na papo hapo ni uamuzi kuhusu bibi wa Mbagala na kikaratasi chake. Anayefundisha nusu ya uamuzi huo amefundisha nusu ya kazi.

Kwa hiyo hoja inastahili kupita, ikiwa na marekebisho yaliyopatikana mezani. Isiwe kozi mpya ya nadharia inayosubiri idhini ya miaka. Iingie ndani ya kozi za usanifu, hifadhidata na mradi wa mwisho zilizopo tayari. Mifano ianzie hapa: mikopo iliyofungiwa, usajili wa laini, kadi za Huduma, ramani za mafuriko. Alama zitolewe kwa kilichobadilika kwenye kazi baada ya watu kusikilizwa. Na hao wanaosikilizwa walipwe.

Idara zinazopitia mitaala yake hazina haja ya kungoja kamati. Zichague kozi moja ya usanifu muhula ujao, zitenge fungu la kuwalipa mawakala, wauguzi, makondakta au wakulima wachache, na ziwaite chuoni siku ya kukagua miradi, waketi upande wa watoa alama.